Mashine Ilisikia Radio Yako

Kaku, bibi yangu mpendwa,

Radio yako bado iko dirishani. Papa hakuiondoa hata siku za matanga, wakati watu walipotafuta mahali pa kuweka sahani. Antena ni ile ile ya waya wa shaba, na mpaka jana uso wa radio ulitazama barabarani kama ulivyouweka wewe. Nakuandikia nikiwa nimekaa chini yake. Ni Jumapili, tumetoka misa. Tangu jana Papa hajasema nami neno moja.

Nitakueleza, lakini sharti nianze na wewe.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka shule ya msingi, vumbi la malori ya madini limenijaa mpaka kwenye nyusi? Nilipita mbele ya nyumba za kampani, zote sawa, hata wageni wa mtaa wetu wa Kapata huingia kwa jirani wakidhani wamefika. Akina mama wa mstari wetu waliita watoto wao kwa nguvu mpaka mtu wa barabara kubwa akasikia. Wewe hukuniita. Ulingoja niingie, ukafunga mlango, ukaongeza sauti ya radio, ndipo ukainama sikioni mwangu: "Moyo, muana wanyi. Luaku udie. Owa ku bianza." Salamu, mwanangu. Njoo ule. Nawa mikono. Kila siku maneno hayo hayo, huku mtangazaji akiwasomea wapita njia habari zake za Kifaransa.

Lugha mbili nimefundishwa shuleni, Kiswahili na Kifaransa, kwa chaki na kwa fimbo. Tshiluba ulinipa wewe, kwa mnong'ono. Miaka mingi niliamini kwamba ndivyo lugha hiyo ilivyoumbwa, kwamba haina sauti, kama sala ya mtu aliyepiga magoti peke yake. Siku nilipomsikia mwanamke mmoja sokoni akiitumia kugombania bei ya samaki, nilitaka kumfunika mdomo.

Nilikuuliza sababu ya radio. Ulikuwa unachambua matamba, majani ya muhogo, na hukuinua kichwa.

"Ukuta eko na masikio," ukaniambia. "Basi tuipatie kitu ya kusikia."

Ukacheka, nami nikacheka. Sababu yenyewe nilikuja kuipata kwa Papa. Alikuwa mtoto miaka ile watu wenye asili ya Kasai, wasemaji wa Tshiluba, walipofukuzwa hapa Kolwezi. Babu alikuwa ameletwa huku kuchimba shaba ya kampani, wewe ukamfuata kwa treni, bibi arusi mwenye sanduku moja. Na ghafla watu wakawaambia kwamba hapa si kwenu. Nyumba nyingi za mstari wetu zilibaki tupu. Wenyewe walikwenda kulala kituo cha treni na magodoro yao, na si wote waliofika walikokuwa wanakwenda. Ninyi mlibaki ndani, mlango umefungwa, radio dirishani. Papa anakumbuka viatu vikipita kwenye kokoto, vikisimama, halafu vikiendelea. Mpaka leo anaamini ni radio iliyowaokoa. Ndiyo sababu haiondoi, na betri zikiisha ananunua mpya kabla ya kununua sukari.

Kaku, mwezi huu paroisse, parokia yetu, ilipata wageni. Walikuja vijana kutoka Lubumbashi na kompyuta, waya nyingi na vipaza sauti viwili. Mkubwa wao anaitwa Héritier, kijana mwembamba anayesema pole pole. Wanatengeneza mashine ya kutambua lugha. Itakuwa kwenye simu ya hospitali: mgonjwa anapiga, anasema maneno machache, mashine inajua hiyo ni lugha gani na kumpeleka kwa muuguzi anayeisema. Héritier alitueleza shuleni kwamba mashine haielewi hata neno moja. Inakata sauti vipande vidogo vidogo, inasikiliza mlio gani hufuata mlio gani, inalinganisha na sauti zote ilizosikilizishwa zamani. Nikawaza jinsi ulivyokuwa ukijua lori gani linapita, la shaba au la mchanga, bila kuondoka kwenye mbabula yako ya makaa.

"Tumekosa sauti za watu wazima," alisema. "Wamama wazee zaidi. Na Tshiluba, hapa Kolwezi, karibu hakuna. Sijui kwa nini. Watu wapo, lakini hawaji."

Mimi nilijua kwa nini. Nilitazama meza.

Unanijua. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo, lakini linakwama kooni mpaka mwingine alitoe. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwaza majuma yako ya mwisho. Nilikuwa Lubudi, kwenye shule ya bweni, na hamkuniambia mpaka ilipokuwa karibu kwisha. Papa ndiye aliyenisimulia. Kwamba Kiswahili kilikutoka, na Kifaransa kidogo ulichokuwa nacho kikakutoka pia, ikabaki lugha ile moja. Kwamba asubuhi moja alikukuta umekauka midomo, na muuguzi, msichana mwema kabisa, akamwambia: "Papa, mama anasemasema tu. Akili ilishatoka." Nawe ulikuwa unaomba maji. Tangu usiku ulikuwa unaomba maji.

Basi nikamwambia Papa habari ya mashine. Alikuwa anafunga viatu vyake vya kazi. Aliacha kamba.

"Mashini ya kujua muntu anasema luga gani?"

"Ya hospitali, Papa. Juu ya wagonjwa kama Kaku."

"Ngalula, sikia. Leo inakuuliza juu ikupatie munganga. Kesho itakuuliza juu ikupatie nini?"

Akaikaza kamba ya kiatu.

"Usipeleke kinywa yako kule," akasema. "Njo ile tu, sina ingine."

Nilikwenda, Kaku. Jana, baada ya saa sita, wakati yeye yuko kazini. Na sikwenda mikono mitupu. Nilikuwa na simu yangu mfukoni mwa sketi, na ndani ya simu ulikuwemo wewe.

Unajua ninachosema: zile sauti ulizonitumia Lubudi, baada ya kujifunza kubonyeza kile kipaza sauti cha kijani. Ulikuwa unanieleza viazi vitamu vilivyooza, mbuzi wa jirani, magoti yako. Ulikuwa unanisalimu kwa Tshiluba, pole pole, kama ulivyonifanyia sikioni. Nimezisikiliza chini ya blanketi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Niliwaza: nitampa Héritier moja tu, aichukue kwa siri, mimi nisitoe neno. Mzee mmoja wa kike wa Tshiluba. Mgonjwa mwingine atapata maji, na mimi nitarudi nyumbani bila mtu kunitazama.

Ukumbi wa paroisse ulikuwa umejaa. Kulikuwa na joto na kelele kama sherehe. Kijana mmoja mchimbaji, bado ana udongo wa shimo kwenye masikio, alikaa mbele ya kipaza sauti akasema ametoka Bukavu kutafuta maisha. Kioo kikubwa cha kompyuta ukutani kikaandika: KISWAHILI. Watu wakapiga makofi. Ndipo akasimama Mama Kapend, jirani yetu, Mlunda, mwenyeji wa huku, wa ng'ambo ya ukuta wetu, na kitenge chake cha paroisse.

"Ah, iko na akili! Sasa isikie ya kwetu." Akakisogelea kile kipaza sauti kama mtu anayetaka kukiuma. "Tangu asubui banatukalisha hapa na njala, hata mukate hakuna, na bale ba jeune ba Lubumbashi banasema tu bitu bya ordinatere, kompyuta yabo!"

Mashine ikafikiri. Ikaandika: HAIJULIKANI.

Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. "Mashini haiyafika Kolwezi!" mtu akapiga kelele. "Iko mugeni, muipatie maji!" Hata Héritier alicheka, akajieleza kwamba Kiswahili ilichofundishwa kinatoka mbali, pwani na mashariki, na ndiyo sababu wamekuja kutuomba sauti zetu. Mama Kapend akarudi kwenye benchi lake kwa maringo. "Nimeishinda," akasema.

Katika kicheko hicho nilipata nguvu ya kufika mezani. Nilimpa Héritier simu. Nikamwambia, "Ni Kaku wangu. Ameshakufa." Sikumwambia lugha. Nilidhani atavaa vile vitu vya masikioni asikilize peke yake.

Alichomeka waya, Kaku, na sauti yako ikatoka kwenye maspika ya kwaya.

Sijawahi kuisikia kubwa hivyo. Ilijaza ukumbi mpaka kwenye mabati. Nilishika ukingo wa meza. Kichwani sikuwa na kitu kingine isipokuwa kuta: ziko wapi, nani amekaa karibu nazo. Na nyuma yako, au tuseme mbele yako, ilikuwepo radio. Mtangazaji alikuwa anasoma habari kwa nguvu zote, na wewe ulikuwa unapita chini yake kama maji chini ya daraja.

Mashine ikafikiri. Kioo kikaandika: KIFARANSA.

"Kaku ni Mufaransa!" akasema yule kijana wa Bukavu, na watu wakacheka tena. Sikucheka. Nilisikia kitu kikipanda kifuani, sijui niite furaha au nini. Kompyuta kutoka Lubumbashi, na waya zake zote, imesimama barabarani mbele ya dirisha letu, imesikiliza, na imeendelea na safari yake.

"Ni radio iko nyuma," Héritier akaniambia, uso wake umewaka kama mwanafunzi aliyepata hesabu ngumu. "Haina shida. Niko na njia ya kuiosha. Nitaitoa radio yote, atabaki yeye peke yake."

Peke yake. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kibonyezo.

Na hapo nikamwona Papa. Alikuwa mlangoni na nguo zake za kazi, kofia mkononi. Walimwachia mapema, akanikosa nyumbani, akajua. Alikuwa amesikia sauti ya mama yake kutoka nje, barabarani, mahali ambapo sauti hiyo haikutakiwa kufika kamwe. Hakunitazama mimi. Alitazama maspika.

"Subiri," nikasema. Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena, nikashika mkono wa Héritier, mimi ambaye sijawahi kumshika mgeni mkono. "Subiri. Usimtolee radio."

"Lakini bila kuiosha haitasaidia kitu."

"Yaya, kaka yangu, nani atakuwa na ruhusa ya kuiuliza mashine hii?"

"Hospitali."

"Na kesho?"

Aliondoa kidole. "Kesho sijui, mudogo wangu," akasema. "Sitakudanganya."

Afadhali angenidanganya. Ingekuwa rahisi kuchukua simu na kutoka. Lakini mbele yangu nilikuona wewe umekauka midomo, na mlangoni nilimwona Papa akiwa mtoto anayehesabu viatu kwenye kokoto, na wote wawili mlikuwa na haki. Nilibaki nimesimama katikati. Halafu nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kipaza sauti. Sikuamua, Kaku.

"Moyo, muana wanyi," nikasema.

Kioo kikabaki cheusi.

"Ongeza sauti," Héritier akasema. "Haikusikii. Unanong'ona."

Kweli nilinong'ona. Sikuwa najua njia nyingine ya kuisema. Uliwahi kunifundisha majina ya ndege na ya magonjwa, lakini jinsi ya kufungua mdomo hukunifundisha. Nikajaribu tena, mnong'ono ule ule. Mtu nyuma akakohoa. Nikafumba macho, nikajiweka uani kwetu, nikamwona mtoto anakuja mwisho wa mstari amejaa vumbi, na kwa mara ya kwanza nikamwita kutoka mbali, kama akina mama wengine wanavyoita.

"Moyo, muana wanyi! Luaku udie!"

Sauti ikapasuka. Ilirudi kwangu kutoka kwenye mabati, na haikuwa yangu, ilikuwa yako. Sentensi ya tatu ikakwama. Nilikuwa nayo, unajua kwamba nilikuwa nayo, lakini haikutoka. Hakuna aliyecheka. Sikuthubutu kufungua macho.

Ndipo kutoka kwenye mabenchi, kwa sauti ya mama aliyezoea kuamrisha:

"Owa ku bianza!"

Alikuwa Mama Kapend.

Nilifungua macho. Kioo kilikuwa kimeandika: TSHILUBA. Lakini watu hawakutazama kioo, walimtazama yeye.

"Mama," Héritier akauliza, "kumbe wewe ni Muluba?"

"Mi? Mi ni Mulunda, mpaka ku mifupa." Akarekebisha kitenge chake. "Lakini ukuta ya kampani ni nyembamba. Kila siku, batoto bakitoka masomo, hodi, radio, kisha 'nawa mikono'. Wangu nao walikuwa wananawa juu ya ile."

Watu wakacheka, kicheko cha chini, cha kupumua. Mimi nilitafuta mlango. Papa alikuwa ametoka.

Nilimkuta nje, kando ya ukuta, kofia bado mkononi. Mama Kapend alikuja nyuma yangu bila kuitwa. Papa alimtazama kama anamwona mara ya kwanza.

"Ulikuwa unasikia," akasema. "Siku zote?"

"Siku zote, papa."

"Na radio?"

"Radio ilifichaka kwa bale ba kupita mu njia. Mi nilikuwa ku ukuta." Alipoendelea hakuwa tena na sauti ya ukumbini. "Ile miaka ya kufukuza batu, balikuja kwangu. Baliniuliza, 'Mule ndani, banasemaka luga gani?' Nikabajibu, 'Sijui. Banasikilizaka radio.'"

Papa aliinama, akaokota kokoto moja, akaitupa, kama mtoto. Mama Kapend akamgusa bega, akaenda zake akilalamika juu ya njaa.

Kaku, ulijua? Ulipokuwa ukimpelekea sahani ya kwanza ya mahindi mapya kila mwaka, ulikuwa unampa kama jirani tu, au ulikuwa unajua kwamba aliwaficha? Hilo ndilo ningependa kukuuliza kuliko yote. Nimelala nalo, nimeamka nalo, misa yote nimekaa nalo. Mama Kapend aliulizwa swali lile lile wanaloiuliza mashine. Jibu alikuwa nalo, safi, pamoja na sentensi ya tatu. Akawaambia radio. Mashine ya Héritier haitajua kamwe kujibu hivyo. Ikijua, itasema, kwa yeyote atakayeuliza.

Nilirudi ndani. Héritier alikuwa ananingoja, hajabonyeza kitu.

"Ninaiweka, ao ninaifuta?"

"Yangu iweke," nikamwambia. "Ya Kaku nirudishie, na radio yake."

Alichomoa waya, akaifuta nakala mbele ya macho yangu, akanipa simu kwa mikono miwili. Kwa hiyo uko salama, bado uko nyuma ya mtangazaji wako. Aliye nje sasa ni mimi. Sitaki kujifanya shujaa: ninaogopa. Sauti ikishatoka haina mlango wa kurudia. Labda mwakani mama fulani atapiga simu, ameishiwa lugha zote isipokuwa moja, na atapata maji kwa sababu mashine ilinisikia nikimwita mtoto ale. Labda mtu mwingine ataiuliza jambo jingine. Yote mawili nimeyaweka kwenye kiti kile, na siwezi tena kuchukua moja nikaacha la pili.

Papa alikuwa ananingoja nje, tukatembea mpaka nyumbani. Papa aliingia, akaenda moja kwa moja dirishani. Nilidhani ataivunja radio, au ataongeza sauti mpaka mwisho. Aliishika kwa muda, akapangusa vumbi kwa kiganja. Halafu akaizima. Hajaiondoa pale, lakini asubuhi hii nimeona kwamba ameigeuza: uso wake unatazama ndani.

Nilikuwa nimefika hapa, Kaku, nikitafuta namna ya kukuaga, na Papa ameniita. Yuko uani, kwenye mbabula, amepika bukari, ugali wetu, mwenyewe, na bila shaka ina madonge. Hajaniita kwa nguvu, wala hajanong'ona. Ameita kama mtu anavyomwita mtoto wake.

"Luaku udie."

Na ng'ambo ya ukuta, kabla sijasimama, nimesikia: "Owa ku bianza!"

Nina wino mpaka kwenye vidole. Acha niende ninawe mikono.

Mjukuu wako, uliyempa jina lako,
Ngalula